Gazebo ya South C: mapambo tele, watu hawamo

Mwaka 2023 familia moja ya South C, mtaa wa Nairobi, ilijenga gazebo, kibanda wazi cha kupumzikia, nyuma ya nyumba yao, wakaipamba ikapambika. Picha zake zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na binti wa jirani akaomba aje apigiwe picha za posa pale. Mwaka ulipopinduka, aliyekuwa akikaa humo kila siku ni paka. Wenyewe walikula ndani, wageni wakakaribishwa sebuleni, na Jumamosi za nyama choma watu walipanga viti vya plastiki karibu na mlango wa jikoni, wakiipa kisogo gazebo iliyowala pesa nyingi. Mimi niliitwa kuongeza mapambo.

Wenye nyumba ni wanne. Mama, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Lamu aliyekuja Nairobi akiwa msichana. Mzee, mpole, aliyestaafu kutoka reli. Kijana wao wa kwanza, aliyelipia kila kitu. Na mke wa kijana, aliyechagua kila kitu kwa kutazama picha kwenye simu. Wawili hao wa mwisho wanaishi na watoto wao ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo ua ni wa wote na maoni pia ni ya wote.

Gazebo yenyewe ilikuwa hivi: pande sita, upana wa mita nne, nguzo za mkaratusi zilizopakwa vanishi, paa la makuti yaliyoletwa kutoka Kilifi. Sakafu ya zege yenye vigae vya kung'aa. Makochi mawili ya henzirani ya plastiki, meza ya kioo, mito kumi na mitano, mapazia meupe ya shea pande zote, taa ndogondogo za kamba zilizozungushwa kila nguzo, maua ya plastiki, nyasi bandia mpaka ukutani, bembea ya umbo la yai, na kibao cha Kiingereza kinachomwamuru mtu acheke. (Sijamwona bado mtu aliyecheka kwa amri ya kibao.)

Kijana aliniambia gazebo "haijakamilika". Mkewe alitaka taa zaidi na rangi ya kijani iliyokolea. Mzee alisema yeye hana neno. Mama ndiye aliyesema la maana, tena kwa sauti ya chini tukitoka jikoni: "Mwanangu, kule ni kuzuri, lakini hakukaliki."

"Saa ngapi hakukaliki, Mama?"

Akacheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza saa.

Kazi ikaanzia hapo. Watu wengi huanza kupamba gazebo kwa kuuliza rangi gani, kitambaa gani, taa gani. Mimi hutaka kujua kwanza itakaliwa saa ngapi, na itakaliwa na nani. Pambo la saa nne asubuhi silo la saa kumi na moja jioni, na la saa tatu usiku ni jingine kabisa. Ukiyarundika yote bila kuchagua, kila saa itakuwa na kitu cha kuikera. Basi nikakaa pale na kikombe changu, asubuhi, alasiri na usiku, huku nikiwaomba wenyewe waendelee na shughuli zao.

Jioni ndiyo iliyokuwa na kesi nzito. Ua wao uko kusini mwa nyumba, na gazebo imesimama pembe ya kusini mashariki, hatua moja kutoka ukuta wa mawe. Si mahali pabaya. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, na ukuta ule huukata kabla haujamfikia aliyekaa. Kijana alikuwa ameanza kufikiria kuibomoa aihamishie upande wa pili. Nilimkataza, na sidhani nilimpa ushauri mwingine uliomwokolea pesa kuliko huo.

Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana haliko mbali na utosi mwezi wowote, na paa lolote la maana hulikinga. Linalosumbua ni la kuanzia saa tisa na nusu. Kufikia saa kumi na moja limeshuka kiasi kwamba linapita chini ya upenu, hata upenu uwe mrefu namna gani, na kumpata mtu usoni. Wala usingoje msimu ubadilike: huku kwetu linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, iwe Januari au Julai. Kinachohama ni pale linapozamia. Juni huzama likiwa limeegemea kaskazini, Desemba likiwa limeegemea kusini, kwa hiyo kizuizi chembamba kilichowekwa magharibi kamili hufanya kazi miezi michache kisha kikageuka pambo tu.

Makochi ya familia hii yaliegeshwa mashariki yakitazama magharibi, kwa kuwa huko ndiko ua mzima unakoonekana. Saa kumi na moja jioni, watoto wametoka shule, chai iko tayari, wazazi wanaanza kurudi kutoka kazini. Ndiyo saa pekee ambayo nyumba ile ina watu wote na kila mtu ana nafasi. Na ndiyo saa ambayo aliyekaa kwenye kochi alikuwa anakula jua la uso. Shea hazikuwasaidia. Kitambaa cheupe chembamba kikipigwa na jua kutoka nyuma hung'aa chenyewe, na macho yanaumia vilevile. Nilishika ncha ya pazia moja nikaikunja kidoleni: chini, kiasi cha upana wa kiganja, palikuwa pagumu kwa tope jeusi lililokauka, na ndani ya mkunjo mlikuwa na nukta za ukungu. Kuzifua pazia kumi na mbili kila wiki ni kazi ambayo hakuna mtu aliyeajiriwa kuifanya.

Tuliziondoa zote. Magharibi tukasimamisha wavu wa mianzi wa kimo cha mita moja na nusu, mpana kuliko upande wenyewe kwa kila ncha, ili Juni na Desemba zote zimo. Ukaachana na nguzo za gazebo kwa nusu mita. Hiyo nusu mita ni muhimu kuliko inavyoonekana: mmea unaotambaa ukiuruhusu upande juu ya makuti, unafunga unyevu, na makuti yanaoza kabla ya wakati wake. Bogenvilia hasa. Nimeona bogenvilia za Lavington na Langata zilizolala juu ya paa la makuti, nzuri ajabu kwa mtu anayepita barabarani, na chini yake maji yanadondoka mezani. Hapa tukapanda pasheni, kwa kuwa hukua haraka na matunda yake watoto huyafuata wenyewe, na pembeni yake asumini. Asumini aliitaka Mama. Hutoa harufu jua likishazama, na hilo pekee linatosha kumtoa mtu ndani. Wakati mimea ikiwa bado michanga, tulitundika pazia la mianzi la kukunja, lile la kuvuta kwa kamba. Sasa limehamia dirisha la jikoni.

Kisha tukageuza kikao. Makochi yaliuzwa, na pesa zake zikalipia mabenchi mawili ya saipresi kutoka kwa maseremala wa Ngong Road, yenye mbao zilizoachana kidogo ili maji yapite. Moja likakaa magharibi, mgongo kwenye jua. La pili kusini, yakutane pembeni. Kimo na upana alivichagua Mama bila futi, kwa kukaa tu na kuinuka. Alitaka baraza la kwao, kiti ambacho mtu anaweza kukunja mguu mmoja bila kuomba radhi. "Barazani watu hutazamana," alisema, "si kila mtu na kiti chake."

Mke wa kijana akauliza swali la haki: nani atakaa akitazama ukuta?

Ukuta ule ulikuwa wa mawe ya kijivu, mtupu, wenye mistari ya maji ya mvua. Lakini fikiria jua linafanya nini likipita kati ya wavu na upenu. Kuanzia saa kumi na moja na nusu hivi, ukanda wa mwanga huangukia ukuta wa mashariki chini, na kadiri jua linavyoshuka, ndivyo mwanga unavyopanda ukutani. Mwanga ule ule uliowafukuza sasa unawamulikia kitu cha kutazama, mradi kiwepo kitu. Tukaupiga ukuta lipu na chokaa. Mama akaanza kusimulia zidaka, zile safu za vishubaka vya plasta ndani ya nyumba za kale za Lamu ambamo watu walipanga sahani na vyombo vya kauri. Kutoboa ukuta wa mpaka na jirani haikuwezekana, kwa hiyo seremala akatengeneza visanduku vya mbao vya vina tofauti, vikapakwa chokaa hiyo hiyo na kufungwa ukutani kwa safu tatu. Ndani yake: vyungu vidogo vya udongo, mishubiri, chetezo cha ubani, na sahani moja ya buluu ya marehemu mama yake. Mama alikuwa nazo mbili kwenye katoni juu ya kabati. Aliitoa yenye ufa. Nzima akairudisha.

Nadhani hilo ndilo pambo la kweli la gazebo ile, na liko nje ya gazebo. Ndani hakukubaki kitu cha kutundikwa isipokuwa taa. Mke wa kijana, aliyekuwa amenuna kidogo kwa ajili ya maua yake ya plastiki, ndiye aliyepanga visanduku vile, na alivipanga vizuri kuliko ambavyo ningevipanga mimi.

Asubuhi ilikuwa na tatizo jingine. Saa nne Mama amemaliza ya nyumbani, jua limepanda juu ya ukuta, hewa haijapata joto. Ungedhani ndiyo saa yake. Ila mito kumi na mitano ilikuwa imelala nje na kunywa umande, au mvua ya usiku iliyopeperushwa. Sponji ikishaloa haikaushwi na jua la nusu saa. Juu inakauka, ndani imebaki na maji, na ukiikalia inakuambia. Mvua za Aprili na Mei 2024, zile zilizoleta mafuriko Nairobi, ziliimaliza kabisa. Nilipofungua zipu ya mmoja, harufu ilinirudisha nyuma. Dawa ambayo watu hupewa ni kununua vitambaa visivyopitisha maji, na ni dawa, ila bado mtu lazima aibebe mito asubuhi na kuirudisha jioni. Kumi na mitano haibebwi. Minne inabebwa kwa safari moja. Tukabaki na minne, foronya zake za kanvasi zinazovuliwa, ikakaa kwenye tenga kando ya mlango wa jikoni pamoja na mikeka miwili ya ukindu. Anayekwenda kukaa huchukua wake kama mtu anayechukua kikombe chake.

Rangi, kwa wanaouliza: mikeka ina wekundu na zambarau ya ukindu wa pwani, na kikoi kimoja hutandikwa mezani wageni wakija na kuondolewa wakiondoka. Pamba ya kikoi ikiachwa juani Januari na Februari hupauka upesi. Kitu kizuri kidogo kinachoingia na kutoka hudumu kuliko vizuri vingi vinavyolala nje.

Sakafu sasa. South C ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi wa Nairobi wote wanaujua na kuuogopa. Ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka. Anayejenga nyumba juu yake huuchimba na kuutoa mpaka afike chini penye murram au mwamba. Aliyejenga gazebo hii aliona ni kibanda tu, akamwaga zege jembamba juu juu. Paa la makuti halina mfereji wa mvua, hivyo maji yote hudondoka kuzunguka ukingo, na kwenye kona iliyo karibu na ukuta hayakuwa na pa kwenda. Nguzo za upande huo zikawa zinasimama kwenye udongo uliovimba, za upande wa pili kwenye udongo mkavu. Ufa ulianzia chini ya nguzo ya kusini mashariki ukakatiza vigae vitano, na meza ya kioo ikawa inacheza kila ukiweka kikombe. Watu walikuwa wakikunja karatasi na kuiweka chini ya mguu wa meza. Hiyo nayo ilikuwa sababu ya kutokwenda kule, ingawa hakuna aliyeitaja.

Kijana alitaka kuvunja na kuanza upya. Kwa jengo la uzito ule sikuona haja. Tulichimba mtaro wa kina cha nusu mita chini ya mstari wa matone, tukaulaza na mteremko kuelekea mfereji wa ua, tukaujaza kokoto. Vigae vikang'olewa. Zege lililopasuka likavunjwa vipande na kutolewa, na mahali pake kabro, vile vitofali vya zege vya kupanga, zikalazwa juu ya mchanga. Udongo ukipumua, kabro inainuka na kushuka, na ikizidi unaing'oa na kuilaza tena asubuhi moja. Kabro hazing'ai kwenye picha. Pia hazitelezi, na nyumba ina mzee wa miaka zaidi ya sabini na watoto wanaokimbia miguu peku. Nyasi bandia tulizitoa siku hiyo hiyo. Mchana zilikuwa za moto kiasi kwamba watoto walizivuka kwa kurukaruka, na paka alishazifanya choo.

Usiku. Hapa mke wa kijana alitaka taa zaidi, na mimi nilitaka pungufu, na aliyetuamulia ni mdudu. Kila mkazi wa Nairobi anamjua: mwembamba, pingili nyekundu na nyeusi, anayeitwa nzi wa Nairobi ingawa ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi ndipo sumu yake inapotoka, na kesho yake au keshokutwa una alama ya kuungua shingoni. Hutokea kwa wingi mvua zikinyesha sana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimtangaza. Na hupenda mwanga, mweupe hasa. Taa zao za kamba zilikuwa nyeupe kali, zimezungushwa kwenye nguzo kimo cha mabega ya watu. Mama, kwa uuguzi wake, alikuwa amewafundisha wajukuu: usimpige, mpulize aende, kisha osha kwa maji na sabuni. Lakini mtu anayepuliza wadudu shingoni hali kwa raha.

Taa zote za nguzo zilitolewa. Tukaweka mbili tu zenye mwanga wa manjano, zile zinazoandikwa 2700K kwenye boksi, ndani ya vifuniko vya kikapu vilivyosukwa na mafundi wa Kariokor, zikining'inia chini juu ya meza. Taa moja kali zaidi ikafungwa mbali, ukutani mwa stoo, iwashwe wadudu wakizidi wapate pa kwenda. Taa za sola za bustani walizokuwa wamenunua tulizichomeka kando ya njia; zilikuwa chini ya paa, na hakuna aliyejiuliza paneli itachajiwa na nini. Umeme wenyewe ulikuwa ukifika kwa ekstensheni iliyotambaa nyasini kutoka dirisha la jikoni, pamoja na mvua. Hilo halikuwa suala la mapambo. Aliitwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, akazika kebo iliyovikwa nyaya za chuma ndani ya bomba, zaidi ya nusu mita chini, akafunga swichi inayojikata umeme ukivuja. Ni kazi iliyogharimu kuliko nyingine zote, na haionekani popote. Bajeti niliyopewa ilikuwa shilingi 80,000 za mito na mapazia mapya. Sehemu kubwa iliingia ardhini.

Jiko pia. Desemba iliyotangulia walikuwa wamechoma nyama ndani ya gazebo yenyewe kwa sababu ya mvua. Sitaki hata kuieleza sana. Makuti makavu yakishika cheche hakuna ndoo itakayowahi, na ukiwa umefunga mapazia pande zote, moshi wa makaa unaouona si wenye hatari kubwa. Ule usioonekana ndio unaoua. Jiko likapata jukwaa lake la mawe magharibi mwa ua, mita tatu na ushei kutoka upenuni, ili upepo wa mashariki uuondoe moshi kwenye kikao. Unamwendea jirani, ambaye kwa bahati naye hualikwa. Sinia lifunikwe: mwewe wa Nairobi hawana adabu, na mmoja aliwahi kunyakua paja la kuku mkononi mwa mtoto wa nyumba ile.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Bembea ya yai ilikuwa ikizuia mlango. Ikahamia chini ya mparachichi na haijawahi kukosa mtoto. Njia ya kutoka jikoni ilipata mawe bapa ili mtu mwenye sinia asitie mguu topeni, na kwenye mlango wa gazebo tukafunga rafu ya kimo cha kiuno, pa kuweka sinia kabla ya kuvua viatu. Vyungu vya mchaichai na nanaa viko hapo hapo, visahani vya chini vimetolewa ili mbu wasizalie. Kibao cha kuchekesha watu sijui kiko wapi.

Matokeo yake si ya kila saa. Mama yuko kule saa nne na chai yake ya tangawizi, mara nyingi na simu, akizungumza na dada zake wa Lamu. Chama chake kimehamia hapo Alhamisi ya mwanzo wa mwezi. Wanawake kumi na mmoja wanaenea kwenye mabenchi mawili na mkeka, na mhazini ana meza isiyocheza. Wakikaa hadi usiku muziki huzimwa, kwani kwa kanuni za kelele za mwaka 2009 usiku wa mtaa wa makazi unaanza saa mbili, na mtaa ule una watu wanaozijua kanuni. Jioni ni ya Mzee na gazeti lake la Taifa Leo, na wajukuu na kazi za shule. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson hupita juu na mazungumzo husimama kidogo. Hakuna mpambaji wa kulitibu hilo. Na kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, jua likizama kila mtu huingia ndani. Baridi ya Julai Nairobi, nyuzi 12 au chini yake, haishindwi na kikoi. Waliniuliza kuhusu hita za gesi. Niliwaambia wakae ndani. Nyumba ina sebule nzuri.

Mabishano mawili hayajaisha. La kwanza ni paa. Aliyeezeka alitumia makuti ya viungo sawasawa, ila aliachanisha safu ili yatoshe, na mteremko aliulaza kuliko inavyofaa. Makuti hutaka karibu nyuzi 45 ndipo maji yateleze kabla ya kuzama. Kileleni panavuja. Kijana anataka mabati chini na makuti juu yake kwa sura tu. Mama hataki kusikia habari ya mabati, anasema mvua ikipiga hamtasikizana. Mimi niko upande wa Mama, kwa sababu nyingine: makuti yaliyolazwa juu ya bati hayapati hewa kwa chini, na hewa ndiyo inayoyakausha. Safu mbili za kujazia na kilele kipya zingetosha mpaka wakati wa kuezeka upya, na hapo mteremko urekebishwe. Kijana anasubiri bei.

La pili ni televisheni. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania, na kijana ameapa kutazamia mechi uani. Alitaka skrini ifungwe daima kwenye upande wa mashariki, mbele ya ukuta wa zidaka. Mkewe, yule yule wa maua ya plastiki, akakataa katakata. Mama akasema barazani ni pa watu kutazamana. Wamekubaliana nusu: fundi aliacha soketi yenye kifuniko kwenye nguzo ya kaskazini, ambako jioni jua haliipigi skrini, na televisheni itatoka ndani kwa meza ya magurudumu siku ya mechi na kurudi filimbi ya mwisho ikilia. Atakayeirudisha ndani usiku, na nani atashika waya, hilo bado linajadiliwa.